Dawa ya Homoni ya Kupunguza Mkojo: Maswali na Majibu Kuhusu Matumizi Salama ya Desmopresini

Desmopresini ina kazi moja, nayo ni kuzifanya figo zibakize maji mwilini. Kazi hiyo huifanya vizuri sana, na ndiyo sababu anayeitumia hana budi kuyaangalia maji anayokunywa kwa makini kama anavyoiangalia dawa yenyewe. Maswali yaliyo hapa chini ni ya mgonjwa mwenyewe, au ya mzazi anayemlea mtoto aliyeandikiwa dawa hii.

Desmopresini ni nini hasa?

Ubongo hutengeneza homoni iitwayo vasopresini, ambayo huhifadhiwa katika tezi ya pituitari na kumwagwa kwenye damu wakati mwili unapohitaji kutunza maji. Ikifika kwenye figo, homoni hiyo hufungua vijia vidogo katika kuta za mirija inayokusanya mkojo, na maji ambayo yangeteremka kwenye kibofu yakarudi kwenye damu. Desmopresini ni nakala ya homoni hiyo iliyotengenezwa maabara na kubadilishwa kidogo, ili idumu zaidi mwilini na isibane mishipa ya damu kama vasopresini ya asili inavyoweza kufanya. Kwa kawaida, mtu akimeza kidonge, mkojo wake huwa mchache na mzito kwa saa 8 hadi 12.

Hupewa nani?

Kundi la kwanza ni la wagonjwa ambao miili yao haitoi vasopresini ya kutosha. Ugonjwa wao kwa miaka mingi umeitwa dayabetisi insipidasi, na tangu mwaka 2022 wataalamu wamependekeza uitwe upungufu wa vasopresini, kwa sababu jina la zamani liliwachanganya hata wahudumu wa afya wakadhani ni kisukari. Si kisukari. Mgonjwa huyu hana tatizo la sukari. Anakojoa zaidi ya lita 3 kwa siku, wakati mwingine zaidi ya lita 10, na kiu haimwachi usiku wala mchana.

Kundi la pili ni la watoto wanaokojoa kitandani, kwa kawaida walio na umri wa miaka 5 na zaidi, na la tatu ni la baadhi ya watu wazima ambao figo zao hutoa mkojo mwingi mno usiku. Madaktari huitumia pia kwa baadhi ya wenye damu isiyoganda vizuri, lakini hayo hufanyika chini ya uangalizi wa wataalamu.

Mgonjwa afahamu yuko kundi gani, maana ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumdhuru mwingine.

Kwa nini nizuiwe kunywa maji baada ya kuimeza?

Kwa sababu mlango wa kutolea maji umefungwa. Maji yanayoingia hayana pa kutokea, hivyo hujaa mwilini na kuizimua sodiamu, yaani madini ya chumvi yaliyo kwenye damu, ambayo kwa kawaida huwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Sodiamu ikishuka sana, maji huingia kwenye seli, na seli za ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Hii ndiyo hatari kubwa ya dawa hii, nayo huweza kuua.

Kwa anayetumia dawa kwa ajili ya kukojoa usiku, kanuni ni kupunguza vinywaji kuanzia saa 1 kabla ya kumeza hadi zipite saa 8 baada ya kumeza, na akishikwa na kiu anywe mafunda machache tu ya kuituliza. Hapa nawaomba wazazi wawe macho, kwani mtoto anaweza kumeza kidonge mbele yako, kisha akaenda kupiga mswaki na kunywa maji ya bombani kwa viganja, halafu akarudi kulala kando ya chupa yake ya maji iliyojaa. Iondoe chupa hiyo kabla ya taa kuzimwa. Maziwa, chai, juisi na supu vyote huhesabiwa, na hata maji anayoyameza mtoto akiogelea.

Mwenye upungufu wa vasopresini hafungwi na saa hizo. Yeye hunywa kwa kufuata kiu yake, wala hajilazimishi kunywa zaidi kwa kuambiwa kwamba maji mengi ni afya.

Dalili za hatari ni zipi?

Huanza na mambo yanayofanana na maradhi ya kawaida: kuumwa kichwa, kichefuchefu, kutapika, uchovu, na uzito kuongezeka ghafla. Baadaye mgonjwa huchanganyikiwa, husinzia kupita kiasi, hupata degedege au hupoteza fahamu. Kichwa kikimuuma mtu anayetumia dawa hii, jambo la kwanza ambalo wengi hufanya ni kumpa maji mengi na dawa ya maumivu kama ibuprofeni, na yote mawili huzidisha tatizo. Anayeitumia kwa sababu ya kukojoa usiku aache dawa, asinywe maji mengi, na aende kupimwa sodiamu mara moja. Aliyechanganyikiwa au aliyepata degedege ni wa kukimbizwa hospitali, na wahudumu waambiwe jina la dawa tangu mlangoni.

Ni dawa gani zisizopatana nayo?

Ibuprofeni na diklofenaki, baadhi ya dawa za sonona, na kabamazepini ya kifafa huongeza uwezekano wa sodiamu kushuka. Loperamidi, inayotumika kuzuia kuhara, huweza kukipandisha mara kadhaa kiwango cha desmopresini iliyomezwa. Dawa za kuongeza mkojo, ambazo wengi wenye shinikizo la damu huzitumia, kwa kawaida hazichanganywi nayo kabisa.

Wenye moyo kushindwa kufanya kazi, figo zilizodhoofika, sodiamu iliyo chini, au mazoea ya kunywa maji kupita kiasi hawafai kupewa dawa hii kwa ajili ya kukojoa usiku. Waliofikisha miaka 65 wapo katika hatari kubwa zaidi, kwa hiyo sodiamu yao ipimwe kabla ya kuanza, tena katika siku za mwanzo za matibabu, na tena baada ya mwezi mmoja hivi.

Je, kidonge na dawa ya kupuliza puani ni sawa?

Hapana. Kidonge cha kumeza hufyonzwa kidogo sana, kwa hiyo dozi yake ni kubwa kuliko ya puani mara nyingi. Kile kinachoyeyuka chini ya ulimi cha mikrogramu 120 hulingana na kidonge cha kumeza cha miligramu 0.2. Usibadili aina kwa kulinganisha namba zilizo kwenye pakiti. Mwachie daktari au mfamasia. Dawa ya puani imehusishwa zaidi na kushuka kwa sodiamu, na mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia isitumike kwa watoto wanaokojoa kitandani.

Nikipata homa, kutapika au kuhara?

Mtoto anayetumia dawa kwa ajili ya kukojoa kitandani aiache mpaka apone na arudie kunywa kama kawaida. Atakojoa kitandani siku mbili tatu, na hilo halina madhara.

Mwenye upungufu wa vasopresini asiiache kwa uamuzi wake. Awasiliane na daktari wake siku hiyo hiyo. Akilazwa, hata kwa ugonjwa mwingine kabisa, yeye au ndugu yake ahakikishe dawa imeandikwa kwenye chati na anapewa kwa wakati, kwa kuwa wapo wagonjwa waliokauka maji na kufariki wodini baada ya wahudumu kuiona kama dawa isiyo ya lazima.

Nikisahau dozi?

Usimeze mbili kwa pamoja. Mtoto aliyesahau kidonge cha usiku asubiri usiku unaofuata.