Kabla hujanunua tromboni, shika slaidi

Kijana mmoja wa bendi yetu ya kanisa hapa Moshi aliingia mazoezini na tromboni mpya ya rangi ya bluu, begi, glavu nyeupe na kitambaa cha kufutia vyote vikiwa ndani. Sote tulimzunguka. Wimbo wa pili haujaisha, slaidi, lile bomba la kuvuta na kusukuma, ikawa inakwaruza kila anapotoka pozisheni (kituo cha kuvutia slaidi) ya tatu kwenda ya nne, halafu ikachomoka kwa kishindo na kumgonga mpiga besi mgongoni. Akiba ya miezi minane ilikuwa imeishia pale. Yafuatayo ndiyo aliyokuwa ameambiwa kabla hajalipa, na ndiyo ninayoyasikia hadi leo.

"Mpya ni bora kuliko iliyotumika"

Kwa tromboni, mara nyingi ni kinyume. Slaidi ni mabomba mawili ya ndani yaliyochomekwa kwenye mawili ya nje, na nafasi iliyopo kati yao ni ndogo mno. Yakipinda kidogo tu, au la nje likibonyea kwa kugongwa na stendi ya noti, mkono unahisi papo hapo. Kunyoosha mabomba hayo ni kazi ya gharama kiwandani, na bei ikishushwa sana, kazi hiyo ndiyo inayorukwa. Ndiyo maana Yamaha YSL-354 au Bach TB300 iliyopigwa na wanafunzi wengine na kutunzwa naipenda kuliko mpya isiyo na jina, hata kama ya pili inang'aa na ya kwanza imebabuka.

Ukifika kwa muuzaji, usianze kupuliza. Toa slaidi peke yake, isimamishe wima, fungua kufuli, uliache bomba la nje lishuke lenyewe huku mkono wa pili ukilisubiri chini. Linatakiwa kuteleza bila kusita popote. Kisha mwambie mwenzako azibe kwa vidole matundu yote mawili ya juu, lile la mauthipisi (kipande cha kupulizia) na lile linaloungana na koni (mdomo mpana wa kutolea sauti), ulishushe tena. Safari hii lisite sana, maana hewa haina pa kuingilia. Likiporomoka kama mwanzo, linavuja. Muuzaji atakutazama kama mtu anayekagua mbuzi wa mahari. Mwache atazame.

Iliyotumika nayo ina mitego yake. Angalia bomba la kuingilia pumzi na ule upinde wa chini wa slaidi: ukiona vidoadoa vya rangi ya waridi vyenye kitovu cheusi, zinki imeshaanza kutoka ndani ya shaba, na hakuna kusugua kutakakoirudisha. Mkwaruzo wa rangi ya nje si kitu.

Halafu kuna kuukuu kupita kiasi. Bendi za Uingereza, za Jeshi la Wokovu zikiwemo, zilikuwa zikipiga kwa sauti ya juu kuliko ya sasa: noti yao ya A ilikuwa karibu hertz 452 badala ya 440, na hali hiyo iliendelea hadi miaka ya 1960. Tofauti inakaribia robo toni. Ukikutana na tromboni ya enzi hizo, utavuta slaidi ndogo ya kusawazishia sauti hadi ikaribie kutoka, na bado wenzako watakugeukia. Na ukiona tromboni ndefu yenye mpini kwenye slaidi, hiyo ni tromboni ya besi ya Kiingereza, iliyotengenezwa kwa sauti ya G. Mpini umewekwa kwa sababu mkono wa binadamu haufiki pozisheni ya saba ya slaidi ndefu hivyo. Ni nzuri ukutani, lakini pozisheni zake si zile utakazofundishwa kwenye tromboni ya kawaida, ya sauti ya B flati.

"Isiyo na triga si tromboni kamili"

Hii ndiyo inayowafanya wazazi watoe fedha wasizokuwa nazo. Triga ni vali inayoendeshwa kwa gumba la kushoto. Inafungulia pumzi bomba la ziada, na tromboni inashuka kutoka B flati hadi F. Faida yake ipo. C ya chini ambayo kwa kawaida iko pozisheni ya sita unaipata pozisheni ya kwanza, na B inayoifuata, ya pozisheni ya saba, unaipata karibu na ya pili. Kwa mtoto mwenye mkono mfupi, huo ni msaada wa kweli.

Lakini uzito wote wa tromboni unabebwa na mkono wa kushoto, na mabomba ya triga yanauongeza. Mtu mwenye mkono wa kufika pozisheni ya saba, anayepiga sauti ya tena (tenor) kwenye nyimbo za ibada, haihitaji triga kwa miaka yake ya mwanzo. Fedha ya triga aiweke kwenye slaidi bora na kwa mwalimu.

"Bomba pana ndilo lenye sauti kubwa"

Tromboni nyingi za wanafunzi zina bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 12.7, zile za okestra ni 13.9 hivi. Pana zaidi inadai pumzi nyingi zaidi, na anayeanza huishia kutoa mvumo badala ya sauti. Kumbuka pia shina la mauthipisi lina saizi mbili kuu. Nyembamba ukiiingiza kwenye tromboni pana, itacheza kama jino bovu.

"Ya Walutheri siyo ya Jeshi la Wokovu"

Chombo ni kilekile. Kinachotofautiana ni karatasi. Jeshi la Wokovu humwandikia mpiga tromboni ya tena kwa ufunguo wa G (treble), ambapo C iliyoandikwa hutoa B flati. Bendi za Kilutheri zilizorithi desturi za Wajerumani husoma ufunguo wa F (besi), na noti hutoka kama ilivyoandikwa. Muulize kiongozi wa bendi kabla ya kununua kitabu cha mazoezi. Tromboni nunua tu.

"Ya plastiki ni ya kuchezea"

Mimi pia niliamini hivyo hadi niliposhika pBone, tromboni ya plastiki. Ina gramu 800 hivi, urefu wa bomba ni wa tromboni ya kawaida ya B flati, na ukiwa juu ya gari la wazi kwenye msafara wa harusi mvua ikinyesha, hujali. Slaidi yake haitelezi kama ya shaba nzuri, lakini inaishinda ya shaba mbaya, ile ya bluu ikiwemo.

"Mafuta yoyote yatafaa"

Kijana wetu alijaribu kuitibu slaidi yake kwa mafuta ya nazi ya jikoni, na kwa wiki kadhaa za joto ilionekana kama imepona. Slaidi hupakwa krimu yake maalumu, kiasi kidogo sana, kisha hupuliziwa maji. Mafuta ya nazi huganda baridi ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ibada ya kwanza ya Julai, saa moja asubuhi, alisimama kupiga wimbo wa kuingilia, akavuta, na slaidi haikutoka pozisheni ya kwanza.