Pistoni za ovasaizi na ndoto ya injini ya lita tatu

"Fundi, hii gari nikianza kupanda Nandi kutoka Chemelil inalia kama ng'ombe amekwama kwa matope. Nitafutie pistoni kubwa. Weka zile za 100, iwe lita tatu."

Mzee aliyeniambia hivyo hulima miwa upande wa Muhoroni, na gari lake ni Prado ya petroli yenye injini ya 3RZ. Nimefungua injini hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye, miaka ya kutosha kujua kwamba wazo hilo halikuwa lake. Huanzia stendi, kwa kijana anayetengeneza magari kwa mdomo. Nikachukua chaki nikampigia hesabu juu ya boneti.

"Pistoni kubwa, nguvu kubwa"

Ujazo huongezeka, sikatai. Swali ni kiasi gani. 3RZ ina silinda nne, kila moja ina kipenyo cha milimita 95, na pistoni husafiri milimita 95 kutoka chini hadi juu. Jumla ni cc 2,693. Ukitia pistoni za 050, yaani ovasaizi, zilizozidi saizi ya kiwanda kwa nusu milimita, unafika 2,722. Za 100, milimita nzima, zinakufikisha 2,750. Hiyo nyongeza ya cc 57 ukiimimina kwenye chupa ya soda ya mililita 300 haifiki hata robo. Injini yenyewe ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi kama 150, na asilimia mbili ya hizo ni farasi watatu. Watatu tu, na hapo umeshakula ukuta wote wa silinda uliokuwa akiba yako.

Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nandi Hills kama 2,000. Kule juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo, ile pampu ya kuisukumia hewa, ikitoka huku ziwani hadi kwenye mashamba ya chai hupoteza karibu asilimia nane ya pumzi yake. Unanunua mbili, mlima unachukua nane.

Mzee akaitazama ile chaki kwa muda. "Lakini jirani yangu alitiwa 050, na gari lake likaanza kuruka!"

Hapo ndipo penye mzizi wa uvumi wote, na jirani hakusema uongo. Gari lake liliruka kweli. Ila halikurushwa na zile cc 28 na ushei.

Silinda huliwa, hasa karibu na juu, pale ringi ya kwanza, ile pete inayozunguka pistoni, inapogeukia, kwenye moto mwingi na oili kidogo. Baada ya miaka unabaki na kingazi. Nilipoinua hedi ya Prado ile, yaani kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, nilimshika mzee mkono, nikapitisha kucha ya kidole chake ukutani kuelekea juu, ikakwama. Chini ya ile ngazi silinda si duara tena, imekuwa na umbo la yai. Ringi haziwezi kuziba yai: mgandamizo huvuja kwenda chini, oili hupanda juu, moshi unakuwa wa buluu, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma unaona inakupumulia usoni. Dawa yake ni kuchonga silinda iwe duara upya. Ikishachongwa imepanuka, pistoni ya zamani itacheza ndani, kwa hiyo unahitaji iliyozidi kidogo. Ndiyo sababu ovasaizi zipo, kwa hatua za robo milimita: 025, 050, 075, 100. Si kila injini ina zote. Jirani alirudishiwa mgandamizo uliokuwa ukimwagika miaka mingi, akadhani ameongezewa injini.

"Mbona kiwanda chenyewe hufanya hivyo?"

Swali zuri, na waliowahi kuendesha matatu za Hiace wanalijua jibu bila kujua kwamba wanalijua. 3L ina kipenyo cha milimita 96, na 5L ina 99.5. Pistoni za zote mbili husafiri umbali ule ule, milimita 96. Kwa kupanua kipenyo peke yake Toyota ilitoka cc 2,779 ikafika 2,986. Lakini ni milimita tatu na nusu, na bloku, lile chuma lenye silinda zote, ilitengenezwa kwa ajili ya kipenyo hicho. Chukua bloku ya 3L uichonge hivyo hivyo uone kama hutakutana na maji ya kupoza injini.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi. Land Cruiser za 1HZ zimejaa huku magharibi: silinda sita, kipenyo milimita 94, mwendo wa pistoni 100, cc 4,164, nguvu za farasi kama 135. Ndugu yake 1HD-T ana kipenyo kile kile, mwendo ule ule, cc zile zile. Nguvu zake zinapita 160. Tofauti ni turbo na namna dizeli inavyopulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Anayetaka nguvu ya mlimani atafute hewa kwanza.

"Chonga kwanza, pistoni tutazitafuta"

Hili niliwahi kulifanya mwenyewe nikiwa bado mgeni katika kazi. Muuza spea aliniapia kwamba seti ya 050 ingefika kesho yake kwa basi la usiku. Nikapeleka bloku ikachongwa. Kesho ikawa wiki. Nikapiga simu Nakuru, nikamtuma mtu Kirinyaga Road kule Nairobi, kote seti iliyokuwepo ni ya 100. Bloku ikarudi kwenye mashine mara ya pili, na mwenye gari akapoteza nafasi ya kuchonga tena miaka ijayo, wala hakujua. Mimi nilijua.

Sasa pistoni ndizo zinazotangulia. Nazishika mkononi, napima kila moja kwa maikromita, kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo sana, kwenye sketi yake, yaani upande wake wa chini, ndipo fundi wa mashine anachonga kila silinda kufuata pistoni yake, akiacha nafasi iliyotajwa kwenye kitabu cha injini hiyo. Nafasi yenyewe huwa sehemu chache za mia za milimita, wembamba wa unywele hivi. Ikibana, pistoni ikipata moto inakwama. Ikilegea, asubuhi utaisikia ikigonga.

Na nazipima uzito. Jirani yangu wa Kibuye anayeuza omena ana mizani ya dijitali, na amezoea kuniona nikija na pistoni nne kwenye kitambaa. Seti nzuri hutofautiana kwa gramu moja mbili. Ile iliyowahi kutofautiana kwa gramu kumi na moja niliirudisha dukani mchana huo huo, ingawa boksi lilikuwa na stika inayong'aa kuliko zote.

"020 ni ndogo kuliko 050"

Inategemea nani ameandika. Kwa milimita, 050 ni nusu milimita. Kwa wanaotumia inchi, 020 ni sehemu 20 za elfu ya inchi, yaani milimita 0.508. Karibu ni kitu kimoja. Usibishane dukani, omba maikromita.

"Ringi za zamani bado ziko sawa"

Haziko. Silinda ikipanuka nusu milimita, mzingo wake huongezeka kwa milimita 1.57, na hiyo yote inaingia kwenye mwanya wa ringi ya saizi ya zamani. Mgandamizo utapita hapo kama mbuzi kwenye ua lililobomoka. Gasketi ya hedi, inayoziba kati ya hedi na bloku, pia itazamwe: tundu lake likiwa dogo kuliko silinda mpya, ukingo wake unachungulia motoni na kuungua.

"Kila bloku huchongeka"

Isuzu 4JB1, iliyokuwa kwenye pikapu nyingi na Trooper za zamani, ina slivu nyembamba zisizogusa maji, yaani mikebe ya chuma inayopachikwa ndani ya bloku. Hizo hazichongwi, zinatolewa na kutiwa nyingine. Hata bloku ya kawaida iliyokwisha kuchongwa mpaka mwisho inaweza kuwekewa slivu ikarudi STD, saizi ya kiwanda, ambayo mimi naona ni bora kuliko kukimbilia 100.

Prado ya mzee tuliitia 050, kwa sababu silinda ya tatu ilikuwa imeliwa kupita robo milimita na 025 isingetosha. Nilisafisha pia mfumo wa hewa, maana kichujio chake kilikuwa na vumbi la misimu kadhaa ya miwa. Alirudi baada ya mwezi, amefurahi: mahali alipokuwa akipanda Nandi kwa gia ya pili, sasa ni ya tatu. Kijana wa stendi alipomuuliza nimefanya nini, mzee alimjibu kwamba nimetia zile za 100.