Je, wajua kwa nini alumini hutoboka kabla haijashika?

Mpe fundi aliyezoea kuchomelea mageti ya chuma kipande cha alumini, na mara nyingi mambo huenda hivi: anawasha, anasubiri kiwe chekundu, hakiwi, anaongeza moto, na ghafla pale palipokuwa na ufa pana tundu la kupitisha kidole gumba. Mashine ni ileile na mkono ni uleule.

Chanzo kiko juu ya uso wa alumini. Ikikutana na hewa tu, alumini hujivika utando wa oksidi ambao jicho haliuoni. Utando huo ndio unaoikinga isiliwe na kutu kama chuma, lakini kwa mchomeleaji ni balaa. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi. Utando wake hauyeyuki mpaka zaidi ya nyuzi 2,000. Ndani kumeshakuwa uji, nje ganda lingali gumu, na vipande viwili vimegusana bila kuungana. Tena alumini haigeuki nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo dalili anayoitegemea fundi wa chuma haipo. Juu ya hayo, husambaza joto upesi mno kuliko chuma: moto unaoulenga kwenye ufa hukimbilia kipande kizima, unauongeza, na kipande chote kikishachemka huporomoka kwa pamoja.

Karakana kubwa hutumia mashine ya TIG, ile inayochomelea kwa ncha ya tungsteni, yenye umeme wa AC na gesi ya argoni ya kuizuia hewa isifike kwenye kiungo. Umeme huo hugeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Upande mmoja wa mgeuko huvunja utando, upande wa pili huyeyusha. Ni mashine ya bei kubwa, na mtungi wa argoni nao una gharama zake.

Nyumbani zipo njia mbili za bei nafuu. Ukiwa na inveta ndogo ya DC, yaani mashine ya kuchomelea yenye umeme wa mwelekeo mmoja, nunua vijiti vya alumini na ukifunge kijiti kwenye upande wa chanya (+). Vinaungua haraka sana, mkono uende mbio. Vikiingia unyevu havifai, kwa sababu unyevu huzaa hidrojeni na hidrojeni huacha vitundu ndani ya kiungo. Chini ya unene wa milimita 3 mimi sishauri njia hii. Ukimaliza, osha mabaki yote yaliyoachwa na kijiti kwa maji ya moto na brashi, la sivyo yataila alumini polepole.

Njia ya pili ni kulehemu kwa tochi ya gesi na vijiti vya zinki, vinavyoyeyuka karibu na nyuzi 400. Wengi huvilaumu kwamba havishiki, kumbe kosa ni kukiyeyusha kijiti kwa ndimi za moto, kikadondoka juu ya utando na kuganda hapo. Sugua kwanza kwa brashi ya waya wa stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma. Pasha moto alumini yenyewe, kisha isugue kwa kijiti mpaka joto la alumini ndilo likiyeyushe. Sasa kwaruza kwa ncha ya waya chini ya kile kimiminika: utando unavunjika mahali ambapo hewa haifiki, na zinki inashika. Kama hujui joto limefika wapi, chora mstari wa sabuni ya mche kando ya ufa kabla ya kuwasha. Ikianza kuwa nyeusi, umekaribia.

Kava ya injini ya pikipiki iliyopasuka ni kazi inayofaa kwa njia hii, ila oili imeshapenya ndani ya alumini. Osha, pasha moto taratibu, utaona oili ikitoka jasho kwenye ufa. Futa, rudia mpaka kitambaa kitoke kikavu. Toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia, na uchonge ufa wenyewe uwe kama herufi V.

Fanyia kazi nje, maana moshi wa zinki huleta homa na baridi ya mwili usiku ule. Usiutumie ulehemu huu kwenye sufuria ya kupikia, wala kwenye rimu au kikanyagio cha pikipiki kinachobeba uzito wa mtu. Vitu hivyo mpelekee mwenye TIG.