Ushindi 100 wa Mikaela Shiffrin: yanayosemwa na yaliyo kweli

Februari 2025 Mmarekani Mikaela Shiffrin alishinda shindano lake la 100 la Kombe la Dunia la skii za kushuka milima. Katika skii za aina hiyo hakuna mtu mwingine, mwanamke wala mwanaume, aliyewahi kufika hapo. Namba hiyo imezunguka mitandaoni ikiwa imebebeshwa mambo mengi yasiyo sahihi, na sisi ambao theluji tunaiona kwa mbali juu ya Kilimanjaro tunaweza kuyameza bila kutafuna.

"Ni kushuka mlima tu, mwenye roho ngumu ndiye mshindi."

Ukisema hivyo kuhusu mbio za mteremko mrefu, ambako mwendo hupita kilomita 120 kwa saa, hujakosea sana. Lakini ushindi wa Shiffrin zaidi ya 60 ni wa slalomu, na slalomu ni kazi ya miguu na macho. Njia hupangwa kwa nguzo nyembamba za plastiki zenye bawaba chini. Mchezaji hazikwepi. Anaipiga nguzo kwa ngumi iliyovaa kinga na kwa ugoko, inalala kwenye theluji, na inapoinuka yeye ameshageukia ya pili. Skii zenyewe ni fupi, kama sentimita 155 kwa wanawake, wakati za mteremko hazipungui 210. Skii moja ikipita upande usio wake wa nguzo, umetoka mashindanoni.

Tena hakuna kuijaribu njia kabla. Wanaruhusiwa kuikagua polepole, wanaikariri, basi. Wanashuka mara mbili na muda unajumlishwa. Awamu ya pili, wale 30 bora huanza kinyumenyume: wa 30 anatangulia, aliyeongoza anashuka wa mwisho, theluji ikiwa imeshachimbwa na wenzake wote. Anayeongoza ndiye anayepewa njia mbovu kuliko wote. Hapo roho ngumu peke yake haikufikishi popote.

"Kazaliwa nacho."

Alizaliwa Vail, Colorado, mwaka 1995, na wazazi wake wote wawili waliwahi kushindana kwenye skii, kwa hiyo mazingira yalimpendelea, tusidanganyane. Ila Jeff na Eileen walifanya kinyume cha wazazi wengi wenye mtoto hodari: walimpunguzia mashindano wakamwongezea mazoezi. Zoezi lilelile la kugeuka, tena na tena. Nyumbani, baiskeli ya gurudumu moja na kurusha mipira hewani ili mwili uzoee usawa. Ushindi wake wa kwanza wa Kombe la Dunia ulikuja Desemba 2012 huko Åre, Sweden, akiwa na miaka 17, na mama yake amekuwa mmoja wa makocha wake kwa muda mrefu.

"Mwenye rekodi kama hiyo, Olimpiki ni yake."

Kombe la Dunia huhesabu pointi za msimu mzima, 100 kwa mshindi, 80 kwa wa pili, na ukiteleza leo unazitafuta wiki ijayo. Olimpiki haina wiki ijayo. Sochi 2014, akiwa na miaka 18, alichukua dhahabu ya slalomu ingawa katikati ya awamu ya pili mguu mmoja ulirushwa hewani akakaribia kuanguka. Beijing 2022, Olimpiki yake ya kwanza tangu baba yake afariki mwaka 2020, alitoka kwenye slalomu baada ya sekunde chache tu, akakaa pembeni ya njia kwa zaidi ya dakika 20, kichwa kakiinamisha. Alirudi nyumbani bila medali.

Kati ya hizo mbili kulikuwa na PyeongChang 2018, alikotwaa dhahabu ya slalomu kubwa, ambayo nguzo zake zimeachana zaidi na mwendo ni mkali zaidi. Kwa wanaosema mchezo huu hautuhusu kabisa: mwanamichezo pekee wa Kenya kwenye michezo hiyo alikuwa Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, naye ni wa skii hizihizi.

"Jeraha likipona, mchezaji amepona."

Novemba 30, 2024, huko Killington, Vermont, Shiffrin alikuwa na ushindi 99 na anaongoza slalomu kubwa. Awamu ya pili akaanguka, kitu kikamchoma tumboni na kuharibu misuli ya ubavu. Mwisho wa Januari alikuwa amerudi. Nyama zilikuwa zimeunga, hofu haijaondoka. Mwenyewe ameeleza hadharani kwamba alipata msongo wa baada ya kiwewe, na kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia huko Saalbach alijiondoa kwenye slalomu kubwa. Ushindi wa 100 aliupata Sestriere, Italia, kwenye slalomu. Siku moja kabla, mlima huohuo, alishindwa hata kuingia awamu ya pili ya slalomu kubwa. Picha za sherehe hazisemi hilo.

"Kawashinda wanaume."

Hajawahi kushindana nao. Wanawake na wanaume wana mashindano yao. Alichopita, Machi 2023 huko Åre, ni idadi ya Msweden Ingemar Stenmark, ushindi 86, aliyestaafu mwaka 1989 kabla Shiffrin hajazaliwa. Stenmark alishinda slalomu na slalomu kubwa pekee. Shiffrin, tangu Desemba 2018, ameshashinda aina zote sita za skii za Kombe la Dunia, ukiwemo ule mteremko wa wenye roho ngumu, na wa kwanza kufanya hivyo ni yeye. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko 100.