Farasi akiumwa na nyoka puani, antivenomu sio kitu cha kwanza

Kila mvua zikianza simu ni ile ile: "Daktari, farasi kaumwa na nyoka puani, nimeshamtuma kijana Nairobi akatafute antivenomu," yaani ile dawa ya kupinga sumu ya nyoka. Na farasi kaachwa na nani? Na saisi, yule mtunza farasi, kashika kamba, anangoja.

Hii ndiyo inanichosha kuliko zote, watu kuamini kwamba bila antivenomu hakuna la kufanya. Jamani, farasi hapumui kwa mdomo, hawezi, kaumbwa hivyo, na punda vilevile. Hewa yote inapita puani. Sasa kifutu, wengine mnamwita moma, yeye hakimbii ukimkaribia, analala tu kwenye nyasi, farasi anashusha kichwa kula au kumnusa basi anaumwa hapo hapo puani. Sumu ya kifutu inavimbisha vibaya sana, pua inaziba, na mnyama wa kilo 450 anakufa kwa kukosa hewa kabla sumu yenyewe haijammaliza. Antivenomu hata ikifika haizibui pua iliyokwisha kuziba, kazi yake ni kuishika sumu isiendelee kuharibu, uvimbe uliopo utakaa siku kadhaa.

Kwa hiyo anza na mpira. Chukua mpira wa kumwagilia bustani ukate vipande viwili vya sentimita 10 hadi 15, au sirinji kubwa uikate ncha, lainisha kingo zisimchubue, paka mafuta ya kujipaka, ingiza kimoja kila tundu la pua taratibu, kisha shikilia na plasta visichomoke wala kuzama ndani. Fanya mapema pua ikiwa bado inapitika! Ukingoja ivimbe kabisa haviingii tena, na mimi nikifika itabidi nimtoboe koo, kama nitamkuta hai. Hatamu nayo ivue, uso ukivimba inamkaba. Kila mwenye farasi ninayemhudumia namwambia vipande viwili na plasta vikae pale pale yanapowekwa matandiko, sio kwenye ofisi ya meneja ambayo usiku imefungwa.

Siikatai antivenomu, ikipatikana tunaitumia, ila akiwepo daktari maana inaweza kuleta mzio mkali. Kwa punda mdogo au mtoto wa farasi inasaidia sana, sumu ni ile ile na mwili ni mdogo. Lakini hewa kwanza.

Halafu kuna wanaosema farasi hadhuriki kwa sababu antivenomu inatengenezwa kwa damu ya farasi. Wale wa maabara, kama Afrika Kusini, wanadungwa sumu kidogo kidogo kwa miezi mpaka damu yao ijenge kinga. Wako hajapitia hayo.

Lile jiwe jeusi mnalobandika kwenye jeraha ni mfupa uliochomwa, unanata kwenye damu ndio maana mnadhani unafyonza, sumu haitoki. Na ile wembe ya kuchanjia ndiyo inaongeza kidonda.

Akiumwa mguuni, kumfunga kamba hapana. Sumu ya kifutu inaozesha nyama, ukiifungia sehemu moja na damu ukaikata, mguu unaharibika, na farasi hawezi kuishi na miguu mitatu.

Maziwa! Nani aliwaambia? Farasi kavimba uso, hapumui vizuri, unamwinua kichwa unammiminia chupa ya maziwa au mafuta, yanaingia mapafuni, sasa una shida mbili. Asinyweshwe kitu chochote kwa nguvu.

Na msimtembeze "atoe jasho", moyo ukienda mbio sumu inasambaa haraka. Asimame kivulini, lori limfuate alipo.

Uvimbe ukishuka msiseme kapona. Nyama inaweza kuoza siku zinazofuata, na farasi anashikwa na pepopunda kirahisi mno, kwa hiyo sindano ya pepopunda ni lazima hata kama jeraha ni matobo mawili tu. Kumpanda bado. Huko Marekani imeonekana farasi walioumwa na nyoka wa jamii hii hii ya kifutu wanaweza kupata matatizo ya moyo baadaye, wakati wanaonekana wazima, ndiyo maana wangu nawasikiliza moyo kwanza kabla sijaruhusu tandiko lirudi mgongoni.