Unatumia dawa za kushusha kinga kwa ajili ya utumbo? Maswali kuhusu chanjo ya mafua makali (influenza)

Hapa nawajibu wenye ugonjwa wa Crohn (uvimbe wa muda mrefu kwenye utumbo) na wale wa vidonda vya utumbo mpana, hasa mlio kwenye dawa za kushusha kinga kama azathioprini, prednisoloni ya dozi kubwa au infliksimabu.

Kinga yangu iko chini, chanjo si itaniumiza?
Hapana, na hapa ndo wengi wanachanganya. Chanjo ya sindano ina virusi vilivyouawa au vipande vyake tu, haiwezi kukupa mafua hata kinga ishuke vipi, na haiamshi ugonjwa wa utumbo. Mkono utauma siku moja mbili, pengine na kahoma kidogo, basi. Isiyokufaa ni ile ya kupuliziwa puani, ina virusi hai. Chanjo ya homa ya manjano nayo ni hai, kwa hiyo kabla ya sindano yoyote taja dawa zako.

Niache dawa kwanza ili chanjo ishike?
Jamani usifanye hivyo! Ukiacha utumbo unaamka, damu chooni inarudi, usiku kucha unakimbilia choo, halafu unapewa steroidi nyingi (kama prednisoloni) zinazoshusha kinga zaidi. Ni kweli ukiwa na infliksimabu, hasa ikichanganywa na azathioprini, chanjo inaweza isishike kama kwa mwingine, lakini hata kinga pungufu inasaidia. Kama ndo unataka kuanza dawa, chanja kabla, ila tiba isichelewe kwa sababu hiyo.

Mafua si tangawizi tu yanaisha?
Haya ya influenza yanakulaza kitandani, na kwa mtu wa dawa hizi yanashuka kwenye mapafu kirahisi, inakuwa nimonia. Angalia Dodoma mwezi wa 6 na wa 7, upepo wa baridi, daladala ya Nkuhungu imefunga vioo vyote kukwepa vumbi, mtu siti ya nyuma anakohoa na wote mnavuta hewa ileile.

Mara ngapi, na wapi?
Kila mwaka, virusi vinabadilika. Inahitaji kama wiki 2 kuanza kukulinda. Haimo kwenye ratiba ya chanjo za kawaida za serikali, kwa hiyo piga simu kwanza unakotibiwa, iwe hospitali ya Benjamin Mkapa au kwingine, usifunge safari toka Kondoa au Mpwapwa ukakuta haipo. Mnaoishi nyumba moja mchanje wote.

Nimechanja na bado homa imenishika?
Wahi hospitali ndani ya saa 48, usisubiri ipoe, maana oseltamiviri, dawa ya virusi vya influenza, inasaidia zaidi ikianzwa mapema.