Harewood House: usanifu wake na fedha zilizolijenga

Kati ya miji ya Leeds na Harrogate, katika Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, lipo jumba la kikabaila liitwalo Harewood House. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1759, na mwaka 1771 mwenyewe akahamia. Huyo ni Edwin Lascelles, mzaliwa wa Barbados, kisiwa cha miwa katika Karibi.

Baba yake, Henry Lascelles, alikuwa mkusanya ushuru wa forodha katika bandari ya Bridgetown. Utajiri wake ulitokana na sukari, biashara ya watumwa na zabuni za kulisha jeshi la majini. Vilevile aliwakopesha wenye mashamba kwa riba, shamba likiwekwa rehani pamoja na watumwa wake. Mwaka 1738 alinunua ardhi ya Harewood, na alipofariki mwaka 1753 ikamwangukia Edwin. Sisi tunaofundisha historia ya usanifu tumezoea kuanza na nguzo na madirisha. Kwa Harewood naanza na daftari la madeni, maana ndilo lililolipa mafundi.

Mchoro ni wa John Carr, msanifu wa York, aliyefuata kanuni za Mwitaliano wa karne ya 16, Andrea Palladio. Jengo kuu liko katikati, mabawa mawili ubavuni, na kila dirisha la kushoto lina mwenzake kulia. Mawe yalichimbwa palepale kwenye ardhi ya Lascelles. Vyumba vya fahari viliinuliwa juu ya jiko na stoo, hivyo mgeni alikula bila kusikia kelele za sufuria wala kuwaona waliompikia. Kwa maoni yangu, huu mpangilio wa juu na chini unatueleza mengi kuhusu maisha ya jumba kuliko ulinganifu wa sura yake ya mbele.

Ndani aliletwa Robert Adam, msanifu Mskoti aliyekuwa akitafutwa na kila tajiri wa wakati ule. Dari za plasta zilichorwa na yeye, na fundi Joseph Rose akazitekeleza. Katika chumba cha muziki, zulia lililoko sakafuni limefumwa kwa kufuata nakshi za dari iliyo juu yake.

Kisha kuna kazi ya Thomas Chippendale, seremala aliyezaliwa Otley, mji wa jirani. Harewood ndiko alikopata kazi kubwa kuliko zote maishani mwake. Katika ukumbi mrefu uitwao Gallery, tazama sehemu ya juu ya madirisha: utaona kitambaa kizito kimening'inia kwa mikunjo, kina matamvua pembeni. Sogea karibu. Ni mbao tupu, imechongwa mkunjo kwa mkunjo na kupakwa rangi mpaka jicho linakubali kwamba ni nguo. Mimi sijui kazi ya useremala inayonistaajabisha kuliko hiyo.

Nje, Lancelot Brown, mbunifu wa bustani, alizuia kijito kikawa ziwa, akapanda miti kana kwamba imeota yenyewe. Nyumba ya zamani ya Gawthorpe, iliyokuwa hapo chini, ilibomolewa. Katika miaka ya 1840 akaja Charles Barry, msanifu wa jengo la Bunge la London. Aliondoa baraza la nguzo la upande wa kusini na kutandaza bustani ya Kiitalia yenye vitalu vya maua.

Tangu karne ya 18 mashamba ya Karibi yalikuwa yameongezeka, kwani wadaiwa walioshindwa kulipa walinyang'anywa. Lascelles wakawa na ardhi Barbados, Jamaica, Grenada na Tobago. Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza miaka ya 1830, serikali ilimlipa mkuu wa familia zaidi ya paundi 26,000. Waliokuwa watumwa hawakupata hata senti. Msomaji wa Zanzibar anaijua njia hiyo: amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya mwaka 1897, iliyotolewa kwa shinikizo la Waingereza, nayo iliweka fidia kwa wenye watumwa.

Karne ya 20 ililitikisa jumba. Katika vita vyote viwili vya dunia lilikuwa mahali pa majeruhi kupata nafuu. Kodi ya urithi baada ya kifo cha mkuu wa familia mwaka 1947 ililazimisha kuuza sehemu kubwa ya ardhi, na mwaka 1950 milango ikafunguliwa kwa watalii. Shamba la mwisho la Barbados liliuzwa mwaka 1975 tu. Nyaraka za mashamba hayo sasa zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha York, na mtafiti yeyote anaweza kuomba kuzisoma.